Umeambiwa Uandike Kuhusu Kazi ya Sanaa? Mwongozo kwa Wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Mwalimu amesema: chagua kazi moja ya sanaa, itazame, kisha Jumatatu ulete ukurasa mmoja wa mwitikio wako. Nyumbani ukutani pana kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi na picha ya harusi. Unaandika, "Kazi hii ni nzuri sana na imenivutia." Halafu kalamu inakwama, maana ukurasa bado mweupe na hujui cha kuongeza.

Makala haya ni yako, na ni ya mzazi anayeulizwa maswali ya sanaa saa tatu usiku ilhali hakuwahi kulisoma somo hilo. Siku hizi wanaoulizwa ni wengi. Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala wa umilisi, yaani CBC, liliingia Gredi ya 10, na mmoja kati ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Lakini hata kama hukuchagua mkondo huo, au ni mtu mzima uliyejiunga na darasa la jioni, kazi ni ile ile na hatua zake ni zile zile.

Mwalimu anataka nini hasa? Anataka kuona kwamba umetazama. Sifa hazimwambii hivyo, kwa sababu sifa mtu huweza kuziandika akiwa kitandani. Walimu wengi hufuata hatua nne zilizopangwa na Edmund Feldman, mwalimu wa sanaa wa Marekani, katika vitabu vyake vya miaka ya 1960 na 1970. Kwanza taja kilichopo. Pili onyesha kimepangwaje. Tatu fasiri, yaani sema unadhani kinamaanisha nini. Nne toa uamuzi wako. Neno "nzuri" na neno "mbaya" yakae mfukoni mpaka hatua ya nne. Ukiyatoa mapema, jicho hufunga duka.

Ongeza kanuni moja ambayo mimi naiona kubwa kuliko hatua zote nne: kila unachosema kiwe na mahali pa kunyoshea kidole. Ukisema kinyago kina huzuni, onyesha huzuni iko wapi. Ni mabega yaliyoshuka? Ni macho yaliyofumbwa nusu? Ukikosa pa kunyosha kidole, sentensi hiyo ifute.

Swali la pili huwa: huku ng'ambo ya kisiwa, kazi ya sanaa nitaitoa wapi? Watu wengi hudhani sanaa ni picha iliyotiwa fremu ikatundikwa kwenye jumba lenye kiyoyozi, na jumba hilo halipo Mtongwe wala Mishomoroni. Basi tazama ulipo. Changamwe, kandokando ya barabara ya Port Reitz, njia ya kwenda uwanja wa ndege, pana chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kilichoanzishwa 1963. Upande wa Kisauni, ukifuata barabara ya Malindi, matatu hukushusha Bombolulu, penye karakana zilizoanzishwa 1969 chini ya chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini, APDK. Hapo hutengenezwa mapambo ya shanga na madini, kazi za ngozi, vitambaa na uchongaji. Likoni kuna matatu zilizochorwa kutoka taa za mbele hadi taa za nyuma, kuna mashua ufuoni, na kila nyumba ina khanga. Vyote hivyo vinakubalika darasani. Ikiwa una wasiwasi, muulize mwalimu mapema, kabla hujamaliza nauli.

Tuanze na kazi ambayo kila mtu wa Mombasa ameipita na wachache wameitazama: zile pembe za ndovu za Moi Avenue. Ziko kisiwani, lakini anayetoka Likoni akivuka feri kwa miguu halipi kitu, na kutoka kivukoni ni matatu moja fupi, au matembezi kama jua si kali. Wa Changamwe na Kisauni watashuka mjini na kutembea kidogo. Simama upande wa bustani ya Uhuru, mahali ambapo hutagongwa na tuktuk, na utoe daftari.

Hatua ya kwanza, taja. Pembe nne kubwa, mbili juu ya kila upande wa barabara. Zinapanda kutoka kando, zinapinda, zinapishana juu. Ni za bati la aluminiamu. Ukisimama kwa mbali na kuzitazama zote pamoja, unapata herufi M. Je, bati limeungwa wapi? Rangi imebadilika wapi? Kivuli chake kinaangukia nini saa hii? Andika hata yale unayoona ya kipuuzi, kama nyaya za umeme nyuma yake. Hapa hakuna jibu la werevu, kuna kuona tu.

Hatua ya pili, mpangilio. Hapa ndipo mwalimu hutumia maneno magumu, nami nitayarahisisha. "Mstari" ni njia ambayo jicho linapita. Hapa mistari yote imepinda, hakuna kona hata moja, kwa hiyo jicho hupanda na kushuka bila kusimama. "Ulinganifu" ni upande mmoja kufanana na wa pili. Ukikata katikati, kushoto na kulia ni pacha. "Mrudio" ni umbo moja kutokea tena na tena. "Kipimo" ni ukubwa wa kazi ukilinganishwa na mwili wako: matatu inapita chini yake na kuonekana ndogo. Ukiweza kutumia maneno hayo manne kwa usahihi, hatua ya pili umeimaliza.

Hatua ya tatu ndiyo tamu, na ndiyo inayohitaji kusoma kidogo. Pembe hizi zilijengwa miaka ya 1950 kwa heshima ya ukoo wa kifalme wa Uingereza, wakati barabara yenyewe ikiitwa Kilindini Road. Kwa hiyo lilikuwa lango la kumkaribisha mgeni mkubwa. Na kwa nini pembe? Kwa sababu pembe za ndovu zilipita bandari za pwani hii kwa karne nyingi kwenda Bara Hindi, Uarabuni na Ulaya, zilikuwa mali. Halafu mambo yakageuka. Julai 1989 Rais Daniel arap Moi alizitia moto tani 12 za pembe katika mbuga ya Nairobi ili kupinga biashara hiyo, na Aprili 2016 zikachomwa tani 105. Leo matatu hupita chini ya sanamu ya pembe, kwenye barabara yenye jina la rais aliyechoma pembe. Sanamu haikusogea hata hatua moja, na maana yake imehama. Jambo kama hili ukiligundua mwenyewe ukalieleza kwa maneno yako, umeshaandika nusu ya ukurasa.

Hatua ya nne, uamuzi. Sasa unaruhusiwa kupenda au kutopenda. Mfano wa aya ya mwanafunzi ambayo mimi ningeipa alama nzuri ni huu:

"Pembe nne za bati zinapanda kutoka kando ya barabara na kupishana juu yake. Mistari imepinda yote, ndiyo maana jicho langu halikutulia. Naona ni lango. Lakini lango hili lilijengwa kumkaribisha mtu wa jumba la kifalme, si abiria wa matatu, na pembe hupatikana ndovu akiwa amekufa. Naipenda sura yake, siupendi ukaribisho wake."

Ni aya fupi, haina neno moja la kubahatisha, na huwezi kuichukua ukaibandika kwenye kazi nyingine. Jaribu kuihamishia kwenye kinyago cha twiga uone kama itakubali. Sentensi inayokaa popote haijatazama chochote.

Nitazame kwa muda gani? Zaidi ya unavyodhani. Watafiti Jeffrey na Lisa Smith walipima muda ambao wageni wa jumba la Metropolitan mjini New York walisimama mbele ya michoro mashuhuri, na matokeo waliyochapisha 2001 yalionyesha wastani wa sekunde 27. Hao ni watu waliofunga safari kwenda jumbani kutazama. Wewe weka dakika kumi kwenye simu, kisha uiweke simu mfukoni. Dakika tatu za kwanza zitapita vizuri, mbili zinazofuata utachoka, na baada ya hapo ndipo vitu vidogo vinapoanza kujitokeza. Ukiona umechoka kabisa, chora. Si lazima uwe mchoraji. Mkono unapofuata mstari, jicho hulazimika kuufuata pia. Tena kivukoni Likoni kupiga picha hukatazwa kwa sababu za usalama, kwa hiyo anayetaka kuandika juu ya kitu cha hapo penseli ndiyo njia yake.

Sasa twende Changamwe, maana kama una nauli ya safari moja tu, ningekushauri uimalizie huko. Sababu ni kwamba kwenye sanamu ya barabarani aliyeitengeneza hayupo, ila kwa wachongaji unamkuta ameketi, tezo mkononi, miguu imezungukwa na vipande vya mti. Hakuna anayekuzuia kutazama, na duka la chama liko hapo hapo. Fika asubuhi ya siku ya kazi, kabla ya joto. Anza kwa salamu: "Habari ya kazi, fundi?" Kama ni mzee, mpe heshima yake kama ungempa babu yako. Eleza kwamba wewe ni mwanafunzi na umekuja kutazama. Usianze na bei, na usimpige picha kabla hajakubali.

Historia fupi ya kukusaidia: uchongaji huu wa kuuza haukuanzia Mombasa. Husimuliwa kwamba Mutisya wa Munge, mtu wa Wamunyu katika Ukambani, alipelekwa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akajifunza huko kwa wachongaji wa upande wa Dar es Salaam, kisha akarudi na ujuzi kwao. Kutoka Wamunyu ukasambaa hadi Nairobi na pwani, kwenye meli na wageni. Ukijua hivyo, twiga aliye mbele yako anaacha kuwa mapambo ya duka tu. Ana njia ndefu nyuma yake.

Tazama nini hapo? Kwanza mti. Mpingo ni mzito mno, hata majini huzama, na moyo wake ni mweusi huku sehemu ya mti inayouzunguka ikiwa nyeupe. Muhuhu una rangi ya manjano iliyokolea na harufu nzuri. Mwarobaini huota haraka, na tangu miaka ya 1990 wachongaji wamehimizwa kuutumia kwa sababu miti ya asili ya misitu ilikuwa ikiisha. Muulize fundi anachonga mti gani na kwa nini. Jibu lake linaingia moja kwa moja kwenye hatua ya pili, kwa sababu mti ndio unaoamua umbo: nyufa, mafundo na mkondo wa nyuzi zake humwambia mchongaji shingo ielekee wapi. Pili, alama za zana. Tezo huacha makovu mapana, patasi huacha mistari, msasa hufuta yote. Pitisha kidole, kama umeruhusiwa, na uandike sehemu gani imeachwa na ukwaruzi na sehemu gani imelainishwa. Uso wa kazi, ulaini au ukwaruzi wake, ni jambo ambalo picha ya simu haikuonyeshi vizuri.

Tatu, na hapa utakuwa na la kusema, tazama mrudio. Utaona vifaru ishirini wanaofanana kwenye rafu moja. Je, hiyo ni sanaa au ni bidhaa? Walimu hupenda swali hili na wanafunzi hulikimbia. Maoni yangu ni kwamba ukiwatazama hao vifaru ishirini kwa utulivu utamkuta mmoja ambaye mkono ulikengeuka: kichwa kimeinama zaidi, au fundi alikutana na fundo la mti akaamua kulifanya sikio. Andika juu ya huyo. Na ukimpata fundi mwenye kazi yake mwenyewe aliyoificha chini ya benchi, isiyo ya kuuzia watalii, mwombe akuonyeshe. Mara nyingi ndiyo bora.

Ukitaka kununua, si lazima, ila jihadhari na jambo moja ukiwa popote pale: mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu huuzwa kama mpingo. Geuza kinyago, tazama chini ya miguu yake ambako brashi haikufika, na upime uzito mkononi. Muulize muuzaji waziwazi. Mkweli atakwambia, na bei itashuka.

Huna nauli ya kwenda popote? Basi fungua kabati la mama. Khanga ni kazi ya sanaa iliyokamilika, na kuitazama hakuna gharama. Ina sehemu tatu: pindo, yaani ukingo unaozunguka; mji, yaani uwanja wa kati; na jina, yale maneno yaliyopigwa chapa. Mombasa ina sehemu kubwa katika historia yake. Duka la Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, lilianza 1887, na khanga zake zenye alama ya "Mali ya Abdulla" zilienea pwani nzima. Hata leo Biashara Street ndiko watu wanakokwenda kuchagua doti, yaani khanga mbili za jozi.

Ifanyie zoezi hili. Itundike kwanza kwenye kamba uwanjani, itazame kama mchoro: pindo lina upana gani kulinganisha na mji? Pembe nne zina umbo lile lile? Rangi ngapi, na ipi inapiga kelele kuliko nyingine? Kisha muombe mama, dada au shangazi aivae, moja kiunoni, moja kichwani au mabegani. Nini kimepotea? Nini kimejitokeza? Jina limeangukia wapi, na ni nani anayeweza kulisoma, mvaaji au aliye nyuma yake? Mchoro uliokuwa bapa umekuwa na mgongo, unatembea, na maneno yake yana mlengwa. Ukiandika tofauti ya hali hizo mbili, una mwitikio ambao mwalimu hajausoma kwa mwanafunzi mwingine. Muulize pia aliinunua lini na kwa nini alichagua jina hilo. Akicheka bila kujibu, usimsukume. Huenda jina hilo lilimlenga jirani.

Na Fort Jesus? Ukiweza, nenda. Ngome ilianza kujengwa na Wareno 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na tangu 2011 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kiingilio cha raia kimekuwa shilingi 200 kwa mtu mzima na 100 kwa mtoto, lakini viwango hubadilishwa, kwa hiyo beba ziada kidogo, na iwe kwenye simu, kwa sababu malipo ya serikali siku hizi hupitia eCitizen. Shule zikienda kwa kundi hutuma barua mapema. Ndani usijaribu kuona kila kitu. Nenda kwenye michoro ya ukutani ya Wareno: meli, watu, maumbo mbalimbali, yaliyochorwa na mabaharia na askari waliokuwa wakikaa humo. Hakuna mfalme aliyeyaagiza. Ni watu waliokuwa mbali na kwao na ukuta mbele yao. Ukitoka hapo, tazama upya matatu ya kurudi nyumbani na ujiulize kama aliyeichora alikuwa na haja tofauti.

Nje ya ngome, Mji wa Kale una milango ya nakshi, na kutazama barabarani hakulipiwi. Taja sehemu zake: miimo ya pembeni, kizingiti cha juu, mfaa wa katikati unaofunika pale mbao mbili zinapokutana. Fuata nakshi kutoka chini hadi juu. Maua yanaota kutoka wapi, mnyororo unaishia wapi? Usiamini haraka kila maelezo utakayopewa ya maana ya kila ua, maana wataalamu wenyewe wanabishana. Ila kumbuka hiyo ni nyumba ya mtu. Salimia, ukikuta watu barazani omba ruhusa, na kina mama usiwapige picha.

Adabu hiyo inanifikisha kwenye vigango. Hivi ni vigingi vya mti vilivyochongwa, ambavyo Wagiriama huwasimikia waliofariki waliokuwa wanachama wa Gohu, chama cha wazee. Vina kichwa cha duara, mwili mrefu bapa, na pembetatu ndogo ndogo zilizokatwa kwa mpangilio. Kwa jicho la darasa ni kazi ya ajabu. Lakini kwa wenyewe ni marehemu, na kigango hakihamishwi. Mzee mmoja, Kalume Mwakiru, aliwasimikia ndugu zake wawili vigango. Vigango hivyo vikaibwa katika miaka ya 1980. Mtafiti Monica Udvardy alikuwa amempiga picha mzee huyo navyo kabla ya wizi, na miaka kadhaa baadaye, katika mkutano wa wasomi Marekani, akakitambua kimoja kwenye picha za mwenzake: kilikuwa kwenye makumbusho ya huko Illinois. Kufikia 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudishwa Kenya. Jumba la makumbusho la Denver nalo lilirudisha vigango 30, vilivyofika 2019. Nakusimulia haya kwa sababu mbili. Kwanza, ukikutana na kigango, kitazame na kukiandika, usikiguse, na usikiite "pambo". Pili, kumbukumbu ya kilichopo, ile kazi ya hatua ya kwanza inayoonekana ya kitoto, ndiyo iliyosaidia kuvirudisha nyumbani vile viwili vya Mzee Kalume. Pembetatu ngapi, zimekatwa wapi, ufa uko upande gani: bila kumbukumbu ya namna hiyo ni vigumu mtu kudai chake.

Swali jingine huulizwa kwa sauti ya chini: dini yangu hainiruhusu sanamu, nifanyeje? Wanazuoni wametofautiana juu ya picha za viumbe wenye roho, na mimi si mwenye kutoa fatwa. Muulize ustadhi wako. Lakini kazi ya darasani haikulazimishi kinyago. Nakshi za milango, mapambo ya kihesabu ya duara na nyota, hati za Kiarabu zilizoandikwa kwa ustadi juu ya mihrabu, msuko wa mkeka wa ukili: zote zina mstari, mrudio, ulinganifu na nafasi, na mwalimu hana sababu ya kuzikataa.

Mzazi, wewe huhitaji kujua sanaa ili kumsaidia mtoto. Yuko Philip Yenawine, aliyesimamia elimu katika jumba la sanaa la kisasa la New York, ambaye pamoja na Abigail Housen walitengeneza njia ya maswali matatu. Muulize mtoto: kuna nini hapa? Kisha: umeona nini hata ukasema hivyo? Kisha: nini kingine? Swali la kati ndilo zito. Likimshinda kujibu, usimpe jibu, mrudishe atazame. Na usicheke jibu lake. Mtoto aliyechekwa kwa kuona samaki ndani ya pindo la khanga hatakuonyesha tena alichoona.

Ukikaa kuandika, juu ya ukurasa weka jina la kazi, jina la msanii, mwaka, nyenzo yaani vitu ilivyotengenezwa navyo, ukubwa, na mahali ilipo. Usichokipata, andika "haijulikani". Hilo si kosa, ila kubuni jina ni kosa. Ukubwa pima kwa shubiri kama huna futi. Kisha fuata hatua zako, lakini usizipe urefu sawa. Kama kilichokushika ni mti, kaa na mti. Usinakili kutoka intaneti. Mwalimu hutambua haraka, kwa sababu maandishi ya kunakili hayana nyaya za umeme nyuma ya sanamu wala harufu ya muhuhu. Usipoingia ngome, daftari, penseli na nauli ndiyo gharama yote.

Na kama kazi haikunipendeza? Sema hivyo, useme kwa nini, unyoshe kidole. Mwitikio wa kuchukia uliotazama vizuri unazidi sifa za juu juu. Ila kama mtengenezaji yupo hai na unamfikia, kama yule fundi wa Changamwe, rudi umsomee ulichoandika kabla hujakipeleka shuleni. Akikubali, vyema. Akikataa, andika chini ya maneno yako kile alichokataa na sababu aliyotoa, uweke jina lake iwapo ameruhusu, na uache yote mawili kwenye ukurasa.